Robo Mzunguko

Nimeileta pamoja na kopo lake.
Fundi Lugembe anacheka: "Hilo nalo linaumwa?"
Namwambia hilo ndilo shingo.
Miaka miwili kioo kimeegemea kopo la maziwa ya unga,
na likiteleza
hulala chali, mahesabu yote ya kikundi
yakitazama dari.

Makoroboi, saa nne asubuhi.
Juu yetu majabali yamekaliana mabegani
bila skrubu, bila gundi,
na hakuna anayeyauliza yameshikwa na nini.
Chini, nyundo. Debe linakuwa karai,
pipa linakuwa jiko,
na kwenye meza ya mwisho, chini ya mwavuli uliofifia,
kompyuta kumi na moja zimefunuliwa matumbo.

Anapanga skrubu kwenye kisahani cha chai
kama zilivyotoka, ndefu huku, fupi huku;
moja iliyolika kichwa anaitenga
kama mtoto mtukutu.
Anapenyeza kadi ya benki iliyokufa ukingoni,
tak, tak,
plastiki inaachia meno.

Vumbi la miaka kumi na mitatu.
Bawa la mdudu wa ziwani, wale wajao kama moshi
kutoka upande wa Saanane.
Punje ya sukari.
Unywele mweupe ambao si wangu.

Nilidhani bawaba imekatika.
"Bawaba nzima," anasema. "Sikiliza."
Anaipinda kwa koleo. Inalia, haitaki.
"Imekauka mafuta, imekaza.
Wewe unafungua, yenyewe inagoma,
basi kinachong'oka ni kile kilichoishika."
Ananionyesha: matundu matatu
yamepasuka kama visigino vya kiangazi,
na vijipete vya shaba, vidogo kuliko punje ya mtama,
vinabingirika ndani, havina pa kukaa.

Nanyamaza.

Mashine hii tuliinunua nusu kwa nusu,
mimi na dada yangu Nkwimba,
mwaka ule wa duka la nyavu pale Kirumba.
Aliota mvi mapema, akazicheka.
Tangu tuanue matanga ya baba,
tangu kile kiwanja cha Nansio,
hatujaulizana hata bei ya nyanya.
Kaza moyo, waliniambia wote.
Nikakaza.
Nilikaza vizuri sana.

Tone la mafuta ya cherehani.
Kisha nati: robo mzunguko.
Anajaribu. Robo nyingine.
"Aa, hapo imezidi, kitaanguka."
Anarudisha kidogo, macho ameyafumba,
kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa.

Gundi ni ya mirija miwili, anaikoroga juu ya kigae.
Mrija wa pili unanuka samaki.
Hapa Mwanza, hata gundi.

"Haitoshi," anasema. "Plastiki imezeeka, inataka mgongo."
Anatazama huku na huku,
jicho lake linatua kwenye kopo langu.
Anatoa mkasi wa bati wa marehemu baba yake,
aliyekata koroboi papa hapa,
mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli,
na kabla sijasema ndiyo wala hapana
amekata kipande: sikio la ng'ombe
na nusu ya neno "maziwa".
Anakikunja, anakitoboa, anakilaza chini ya bawaba.
Kile kilichoegemeza nje
kinafungiwa ndani, kazini.

"Rudi kesho. Gundi haipendi haraka."

Kesho yake nalipa elfu kumi na tano.
Nafungua: hakuna mlio.
Kioo kinasimama pale mkono wangu ulipokiacha,
nakirudisha, kinasimama tena,
nacheza nacho kama mjinga
mpaka Lugembe anauliza kama nimekuja na kazi nyingine.

Jioni niko mezani.
Nusu ya kopo iko dirishani, kingo zake kali,
sijui niitupe au niipandie kitunguu.
Mahesabu yamenyooka, yananitazama usoni.
Namba ya Nkwimba sijawahi kuihifadhi,
iko kichwani.
Nimebonyeza tarakimu saba.
Zimebaki tatu.